Kura 537

Theresa LePore alitaka herufi kubwa. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa uchaguzi wa kaunti ya Palm Beach, pwani ya kusini mashariki mwa jimbo la Florida, kaunti iliyojaa wazee waliostaafu huko New York na majimbo mengine ya baridi, wakahamia kwenye jua kumalizia umri wao. Mwaka 2000 wagombea urais katika jimbo hilo walikuwa 10, na kuwabana wote katika ukurasa mmoja kungelazimu majina yao yaandikwe kwa herufi za kuwatoa wazee machozi. Kwa hiyo LePore, mwanachama wa Democrat, akawagawa katika kurasa mbili zinazotazamana, na katikati ukapita mstari mmoja wa matundu ya kutoboa.

Mpiga kura aliyefungua kurasa hizo alimwona George W. Bush wa Republican wa kwanza upande wa kushoto, kwa kuwa sheria ya Florida humpa nafasi ya juu mgombea wa chama cha gavana. Chini yake alikuwepo Al Gore wa Democrat. Upande wa kulia, wa kwanza alikuwa Pat Buchanan, mhafidhina mkali wa chama cha Reform. Matundu ya katikati yalikuwa yakipishana: la kwanza la Bush, la pili la Buchanan, la tatu la Gore. Mtu aliyesoma kushoto tu, akajiambia kwamba Gore ni wa pili na kutoboa tundu la pili, alikuwa amempa Buchanan. Mishale ya kuelekeza ilikuwepo, lakini chumba cha kupigia kura si mahali pa kutulia na kusoma ramani, hasa foleni ikiwa ndefu nyuma yako. Wengine waligundua kosa papo hapo, wakatoboa na tundu la Gore wakidhani wamelisahihisha. Kadi yenye matundu mawili ikahesabiwa kuwa imeharibika.

Palm Beach ilimpa Buchanan kura 3,407, karibu moja ya tano ya kura zote 17,484 alizopata Florida nzima. Baadhi ya kura hizo za Palm Beach zilitoka kwenye mitaa ya wazee wa Kiyahudi, watu ambao mwaka ule walijaa fahari kumwona Joe Lieberman, Myahudi wa kwanza kuwania umakamu wa rais kwa tiketi ya chama kikubwa, akiwa mgombea mwenza wa Gore. Buchanan mwenyewe, na hili linampa heshima, alisema kwenye televisheni kwamba kura nyingi kati ya hizo hazikuwa zake. Juu ya hizo, kadi 19,120 za kaunti hiyo zilitobolewa mara mbili kwenye urais.

Tofauti iliyompa mtu Ikulu ya Marekani ilikuwa kura 537.

Rais wa Marekani hachaguliwi kwa jumla ya kura za nchi. Kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe wa uchaguzi, na katika karibu majimbo yote anayeongoza, hata kwa kura moja, huwachukua wajumbe wote. Anayefikisha wajumbe 270 ndiye rais. Nchi nzima Gore alimzidi Bush kwa zaidi ya kura nusu milioni, jambo ambalo halikumsaidia kitu. Asubuhi ya tarehe 8 Novemba 2000 hesabu za majimbo mengine zilionyesha kwamba hakuna kati ya wagombea hao wawili ambaye angeweza kuingia Ikulu bila wajumbe 25 wa Florida.

Na Florida ilikuwa nyumbani kwa akina Bush kwa namna yake. Gavana alikuwa Jeb Bush, mdogo wake mgombea. Katibu wa jimbo, ambaye ndiye msimamizi mkuu wa uchaguzi na mwenye kalamu ya kuidhinisha matokeo, alikuwa Katherine Harris, mwenyekiti mwenza wa kampeni ya Bush jimboni humo. Upande wa pili haukuwa mtupu: mwanasheria mkuu wa jimbo, Bob Butterworth, ndiye aliyeongoza kampeni ya Gore huko. Refa alivaa jezi, na mshika kibendera naye alivaa jezi ya timu nyingine. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea kusikia wahubiri wa utawala bora wakitufundisha juu ya tume huru ya uchaguzi ana haki ya kutabasamu hapa.

Usiku wenyewe wa uchaguzi ulikuwa wa aibu kwa vyombo vya habari. Mashirika makubwa ya televisheni yalitegemea takwimu za kampuni moja yaliyoimiliki kwa pamoja. Saa mbili kasoro usiku, saa za mashariki, yakaanza kumtangaza Gore mshindi wa Florida, ilhali kaunti za magharibi mwa jimbo, zinazofuata saa nyingine, zilikuwa hazijafunga vituo. Ilipofika saa nne yakaufuta ushindi huo. Saa nane na dakika 16 Fox ikamtangaza Bush, na dakika chache baadaye wengine wote wakafuata mkumbo. Aliyeongoza dawati la takwimu la Fox usiku ule alikuwa John Ellis, binamu yake Bush. Katika kaunti ya Volusia kompyuta ilikuwa imempunguzia Gore kura 16,022 katika kituo kimoja, yaani badala ya kumwongezea ilimtoa, na kosa hilo lilikuwa bado linatembea ndani ya hesabu za usiku.

Gore akampigia Bush simu, akakubali kushindwa. Msafara wake ulikuwa njiani kwenda kuwahutubia wafuasi wake waliokuwa wakilowa mvua jijini Nashville wakati wasaidizi wake walipopata habari kwamba pengo la Florida linayeyuka. Akazuiwa asipande jukwaani. Akapiga simu ya pili, akaliondoa neno lake. Inasemekana mazungumzo hayo hayakuwa matamu, hasa Bush alipomweleza kwamba mdogo wake Jeb amemhakikishia ushindi.

Kulipokucha Bush alikuwa mbele kwa kura 1,784 kati ya karibu milioni 6. Sheria ya Florida ilisema pengo likiwa chini ya nusu ya asilimia, mashine zihesabu tena. Zikahesabu tena. Pengo likashuka hadi kura 300 na ushee.

Kuanzia hapo kila upande ulikuwa na kazi moja. Gore alihitaji muda, Bush alihitaji muda uishe. Mengi yaliyosemwa mahakamani kwa siku 36, ya katiba, ya haki, ya heshima ya kura, yalisemwa kwa ufasaha mkubwa, na mawakili walilipwa vizuri. Ila ukitaka kujua ni kwa nini upande fulani ulisema jambo fulani siku fulani, tazama kwanza kalenda. James Baker, waziri wa mambo ya nje wa zamani aliyesimamia vita vya Bush, alilielewa hilo tangu siku ya kwanza: mtu aliyeko mbele hana haja ya kuhesabu zaidi. Warren Christopher, naye waziri wa mambo ya nje wa zamani, aliyekwenda Florida kwa niaba ya Gore, alikuwa mpole mno kwa shughuli ile. Hayo ni maoni yangu, lakini sidhani kama niko peke yangu.

Sheria ilimruhusu mgombea kuomba kura zihesabiwe kwa mkono, kaunti kwa kaunti. Tarehe 9 Novemba watu wa Gore waliomba kaunti nne: Palm Beach, Broward, Miami-Dade na Volusia. Florida ina kaunti 67. Zote nne zilizochaguliwa zilikuwa na wafuasi wengi wa Democrat, na hapo ndipo Gore alipojifunga kamba. Alikuwa akisema hadharani kwamba kila kura ihesabiwe, huku karatasi yake ya maombi ikisema zihesabiwe za kwangu. Wiki moja baadaye alijitokeza kwenye televisheni akapendekeza jimbo zima lihesabiwe kwa mkono. Bush akakataa, na Gore hakulipeleka pendekezo hilo mahakamani.

Kadi yenyewe inahitaji maelezo, maana ndiyo iliyogombaniwa. Ilikuwa ya karatasi ngumu, yenye vijisanduku vidogo vilivyokatwa nusunusu tangu kiwandani ili vitoke kwa urahisi. Mpiga kura aliiingiza chini ya kijitabu cha majina, akachukua kijiti chenye ncha ya chuma na kusukuma. Kijikaratasi kilitakiwa kidondoke, mwanga upite kwenye tundu, na mashine isome. Lakini kijiti kilichosukumwa kwa mkono dhaifu, au chombo kilichojaa vijikaratasi vya chaguzi zilizopita bila kusafishwa, kiliacha kijikaratasi kikining'inia kwa pembe moja, au mbili, au kikiwa kimevimba tu kama chunusi bila kutoboka. Mashine haikuona kitu. Kwa mashine, mpiga kura huyo hakuchagua rais.

Je, kijikaratasi kilichovimba ni kura? Sheria ya Florida ilitaka bodi za kuhesabu zitafute nia ya mpiga kura, basi, haikusema zaidi. Palm Beach ilibadili kipimo chake njiani: mara mwanga upite, mara pembe zikatike, mara jaji aamuru kadi isikataliwe kwa sababu ya uvimbe peke yake. Broward, kilomita chache kusini, ilikuwa na mkono mwepesi zaidi na ilimwongezea Gore zaidi ya kura 500. Picha iliyozunguka dunia ni ya Jaji Robert Rosenberg wa bodi ya Broward, miwani imepandishwa juu ya paji la uso, macho yamemtoka, ameishika kadi mbele ya uso wake akikitafuta kile kivimbe. Pembeni walikaa mawakala wa vyama viwili, kila mmoja na daftari lake, wakipinga kadi moja baada ya nyingine. Vijikaratasi vilidondoka mezani na sakafuni kadiri kadi zilivyoshikwashikwa, na Republican wakasema kura zinatengenezwa pale pale mbele ya macho ya watu. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Kadi iliyopitishwa kwenye mashine mara mbili na mikononi mwa watu watano si kadi ile ile aliyoiacha mpiga kura.

Sheria ilitaka matokeo yafike kwa katibu wa jimbo ndani ya siku saba, yaani tarehe 14 Novemba saa kumi na moja jioni. Volusia ilikesha ikamaliza. Kaunti nyingine tatu hazikuweza, na Harris akasema hatapokea chochote baada ya hapo isipokuwa kura za nje ya nchi, ambazo zilikuwa na siku zake. Hizo zilipoingia, nyingi za wanajeshi, Bush akapanda hadi kura 930 mbele. Baadhi ya bahasha za kura hizo hazikuwa na muhuri wa posta. Republican waliokuwa wakidai kanuni ifuatwe neno kwa neno kwenye kadi za Palm Beach wakadai ilegezwe kwa askari. Democrat wakaanza kuzikataa bahasha hizo, kisha Lieberman akaenda kwenye televisheni na kusema zipewe nafasi. Hakuna aliyetaka kuonekana anamnyima askari kura yake.

Mahakama ya Juu ya Florida ikaingilia. Tarehe 21 Novemba majaji wote saba walikubaliana kuongeza muda hadi Jumapili tarehe 26 saa kumi na moja jioni, au Jumatatu asubuhi iwapo ofisi ya Harris itakuwa imefungwa Jumapili. Unaweza kubashiri. Ofisi ilifunguliwa Jumapili.

Siku iliyofuata uamuzi huo, bodi ya Miami-Dade iliona haiwezi kumaliza kadi zote kwa wakati, ikaamua kuzishughulikia 10,750 tu ambazo mashine haikuona chaguo lolote, na kuhamia chumba kidogo karibu na mashine. Waandamanaji wakafurika ukumbini, wakipiga kelele na kugonga milango na madirisha, wakidai kura zinaibiwa kwa kificho. Wengi hawakuwa watu wa Miami. Walikuwa wasaidizi wa wabunge wa Republican walioletwa kutoka Washington, vijana wa mashati yaliyopigwa pasi. Saa chache baadaye bodi ikasitisha kazi yote, ikisema muda hautoshi. Kama ni muda au ni woga, wajumbe wa bodi wenyewe walishikilia kuwa ni muda. Kadi 10,750 zikarudi kwenye masanduku. Wacuba wengi wa Miami, ikumbukwe, walikuwa tayari wamemgeuka Gore. Mwezi Aprili mwaka huo serikali ya Rais Clinton, ambaye Gore alikuwa makamu wake, ilimchukua kwa nguvu mtoto Elián González kutoka kwa ndugu zake wa Miami ili arudishwe kwa baba yake na hatimaye Cuba, na Wacuba wa jiji hilo hawakusahau.

Palm Beach nayo ilipumzika siku ya sikukuu ya Shukrani, tarehe 23. Broward ilifanya kazi. Jumapili ilipofika, Palm Beach ilikuwa bado na rundo, ikaomba iongezewe hadi Jumatatu asubuhi, Harris akakataa. Walimaliza saa mbili hivi baada ya muda. Kura zipatazo 200 walizokuwa wamempatia Gore hazikuingia. Jioni ile Harris akaidhinisha: Bush 2,912,790, Gore 2,912,253.

Gore akafungua kesi ya kupinga matokeo. Kadi za Palm Beach zikapakiwa kwenye lori la manjano la kukodi, likapanda barabara kuu kuelekea Tallahassee, mji mkuu wa jimbo, helikopta za televisheni zikilifuata juu saa baada ya saa. Taifa likalitazama lori. Lilipofika, Jaji Sanders Sauls akasikiliza mashahidi kwa siku mbili, akatoa hukumu dhidi ya Gore, na masanduku hayakufunguliwa. Hakutazama kadi hata moja kati ya zile zilizosafirishwa kwa ajili yake.

Tarehe 8 Desemba Mahakama ya Juu ya Florida, safari hii kwa majaji wanne dhidi ya watatu, ikampindua. Ziongezwe kura za Palm Beach zilizochelewa, ziongezwe 168 za Miami-Dade zilizokwisha kupatikana, na kadi zote ambazo mashine hazikuona chaguo la urais zihesabiwe kwa mkono katika jimbo zima. Pengo likashuka chini ya kura 200 kabla hata kazi haijaanza. Jumamosi asubuhi majaji wa Tallahassee wakaketi kwenye maktaba ya umma na kuanza kuzigeuza kadi za Miami. Mchana huo huo, kabla ya saa tisa, Mahakama ya Juu ya Marekani ikatoa amri ya zuio, kwa majaji watano dhidi ya wanne. Jaji Antonin Scalia alieleza kwamba kuhesabu kura ambazo uhalali wake unabishaniwa kungemdhuru Bush kwa kutia doa ushindi wake. Jaji John Paul Stevens akajibu kwamba kuhesabu kura halali hakuwezi kumdhuru mtu. Siku ile, mimi ningekuwa upande wa Stevens.

Hukumu yenyewe ilitoka tarehe 12 Desemba saa nne usiku. Waandishi walitoka mbio na makaratasi wakaanza kuyafunua mbele ya kamera kwenye baridi, wakitafuta nani ameshinda, maana majaji hawakuandika ufupisho na maoni yalikuwa mengi. Majaji saba waliona tatizo: kaunti mbalimbali zilitumia vipimo mbalimbali kuamua kura ni nini, na hilo lilivunja haki ya raia kutendewa sawa. Hapo walikuwa na hoja. Lakini ilipofika kwenye dawa yake, wakabaki watano. Hao walisema sheria ya shirikisho inayokinga matokeo ya jimbo dhidi ya kupingwa bungeni ilitaka mgogoro uwe umeisha tarehe 12 Desemba, Florida ilikusudia kuitumia kinga hiyo, na hivyo hakuna muda wa kuhesabu upya kwa kipimo kimoja. Tarehe 12 ilikuwa imebakiza saa mbili. Siku tatu zilizotangulia zilipotea kwa amri ya mahakama hiyo hiyo. Majaji Stephen Breyer na David Souter, waliokubali kwamba tatizo lipo, walitaka Florida ipewe hadi tarehe 18, siku wajumbe watakapopiga kura zao. Wale watano wakaongeza kwamba hoja yao inahusu mazingira ya kesi ile tu. Mahakama inayosema hukumu yake isitumike kesho imekwisha kujihukumu.

Wengi wamezoea kusema majaji wa Republican walimchagua rais wa Republican. Stevens na Souter pia waliteuliwa na marais wa Republican, nao walipinga. Hata hivyo sijasoma utetezi ulionishawishi kwamba wale watano wangeandika hivyo hivyo kama Gore ndiye aliyekuwa mbele kwa kura 537. Gore akakubali kushindwa kesho yake, safari hii bila simu ya pili.

Je, nani alishinda kweli? Mwaka 2001 mashirika makubwa ya habari yaliunda umoja, yakaikodi taasisi ya utafiti ya NORC ya Chuo Kikuu cha Chicago ichunguze kadi 175,010 ambazo mashine zilizikataa. Majibu yaliyotoka Novemba mwaka huo hayakumfurahisha mtu. Zingehesabiwa kaunti nne alizoziomba Gore, Bush angeshinda. Zingehesabiwa zile ambazo Mahakama ya Florida iliagiza, kwa vipimo vingi Bush angeshinda pia. Zingehesabiwa kadi zote zilizokataliwa katika jimbo zima, pamoja na zile zilizowekwa alama zaidi ya moja, Gore angeshinda kwa kura kati ya 60 na 171, kutegemea kipimo.

Kadi hizo za alama mbili ndizo zenye uchungu, kwa sababu karibu hakuna aliyeziomba. Kila mtu alidhani mtu aliyechagua wawili hasomeki nia yake. Kumbe katika kaunti zilizotumia karatasi za kujaza kwa kalamu, wapo waliojaza duara la mgombea, kisha kwa kutaka kuhakikisha wakaandika jina la mgombea huyo huyo kwenye nafasi ya jina la ziada. Mashine iliona alama mbili na kuitupa kura. Nia yake mtoto wa darasa la tatu angeisoma. Watu wa Gore walizipigania kadi zenye vivimbe, ambazo wenye macho makali walizibishania, wakaziacha zile zilizokuwa zimeandikwa jina lake.

Na tofauti ya mashine ilikuwa kubwa kuliko tofauti ya wagombea. Gadsden ni kaunti ndogo ya mashambani, ndiyo pekee Florida yenye watu weusi walio wengi. Karatasi zake zilikusanywa na kuhesabiwa makao makuu, na majina ya wagombea urais yalimwagikia safu ya pili. Takriban kura 1 kati ya 8 ilitupwa. Jirani yake ni Leon, kaunti ya Tallahassee yenyewe. Huko mashine ilikuwa kituoni, na ukiharibu karatasi inakurudishia hapo hapo upewe nyingine. Zilizoharibika hazikufika hata asilimia moja. Kule Duval, kaunti ya jiji la Jacksonville, majina yalikuwa kwenye kurasa mbili na maelekezo ya mfano yaliyochapishwa gazetini yaliwaambia watu wapige kura kila ukurasa. Walitii. Kura zipatazo 22,000 zikaharibika, nyingi mno katika mitaa ya watu weusi. Tume ya haki za raia ya Marekani ilikadiria kwamba Florida nzima kura ya mtu mweusi ilikuwa na uwezekano karibu mara tisa au kumi zaidi wa kutupwa kuliko ya asiye mweusi. Juu ya hao kuna waliofika vituoni wakakuta majina yao yamefutwa na orodha ya wahalifu iliyolinganisha majina kwa kukisia. Kesi kubwa za siku zile 36 hazikuwahusu hawa.

Kwetu Afrika Mashariki, pengo la uchaguzi wa rais wa Zanzibar mwaka 1995, kati ya Salmin Amour na Seif Sharif Hamad, halikufika nusu ya asilimia, na huko hakukuwa na hesabu ya mkono mbele ya kamera. Tanzania Bara na Visiwani, ibara ya 41(7) ya Katiba ya Muungano inazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa rais aliyekwisha tangazwa. Kenya imeipa Mahakama ya Juu siku 14 tu, na mwaka 2017 siku hizo zilitosha kubatilisha uchaguzi wa rais. Kila nchi imeamua kwa namna yake saa isimame lini. Walioandika kanuni hizo hawakujua ni nani atakuwa mbele wakati huo, na hilo ndilo jambo jema pekee unaloweza kusema juu ya tarehe ya mwisho.

Tarehe 6 Januari 2001 Gore, kama makamu wa rais, alikaa kwenye kiti cha mbele bungeni kusimamia hesabu ya wajumbe. Wabunge weusi wakasimama mmoja mmoja kupinga wale wa Florida. Kanuni ilitaka pingamizi liwe na sahihi ya mbunge na ya seneta, na hakuna seneta hata mmoja aliyetia sahihi. Gore akawakatisha mmoja baada ya mwingine, akiwaeleza kwa upole kwamba kanuni ni kanuni. Kisha akatangaza: wajumbe 271 kwa Bush, 266 kwake.

Mwaka huo huo Florida ilipiga marufuku kadi za kutoboa. Mwaka 2002 bunge la Marekani likatenga mabilioni ya dola kununua mashine mpya nchi nzima. Mawakili watatu waliofanya kazi upande wa Bush katika sakata lile, John Roberts, Brett Kavanaugh na Amy Coney Barrett, leo ni majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani.

Mwaka 2018 Florida ilikuwa na uchaguzi wa seneta, na Rick Scott akamshinda Bill Nelson kwa kura 10,033 kati ya zaidi ya milioni 8. Kaunti ya Broward ilikuwa imeweka nafasi ya useneta chini kabisa upande wa kushoto, chini ya maelekezo marefu ya lugha tatu, na zaidi ya wapiga kura 20,000 waliomchagua gavana waliiruka. Kura zikahesabiwa upya kwa mashine, na muda wa mwisho ukawekwa saa tisa alasiri. Broward ilituma matokeo yake saa tisa na dakika mbili. Jimbo likayakataa.